Kijarida cha kurasa nne kina faida gani kama hakihesabiwi kwenye promosheni?

Swali la msomaji: "Mwalimu shikamoo. Mi ni fundi wa maabara kwenye kituo cha kuzalishia vifaranga vya jongoo bahari huku Bagamoyo. Tunaofanya kazi hii tunajuana, hatuzidi watu 40 ukijumlisha na wa Zanzibar na wachache wa Kenya, wengine watafiti, wengine mafundi kama mimi, wengine wafugaji wenyewe. Tumewaza tuanzishe kijarida chetu kisicho rasmi, kurasa nne kila miezi mitatu. Bosi anasema ni kupoteza muda, hakipitiwi na wataalamu, hakihesabiwi mtu akitaka kupanda cheo, na zaidi tutaibiwa data. Wenzangu nao wanasema grupu la WhatsApp si lipo, linatosha. Mwalimu wewe unaonaje?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Kwanza bosi wako usimlaumu sana, manake aliyosema mengi ni kweli. Hakipitiwi, kweli. Hakikupandishi cheo, kweli. Ila anakipima kijarida kwa kibaba cha jarida kubwa, na ukipima hivyo lazima kionekane pungufu. Ni kama mtu aulize ngalawa inabeba kontena ngapi.

Nianze na kisa changu mwenyewe ndo utanielewa. Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa kwenye mradi mmoja wa kufuga jongoo wa mchangani, yule mnyama laini wa chini ya bahari, Holothuria scabra, mnayemzalisha nyie, mradi siutaji na mahali sipataji. Tukapata mayai vizuri, lava, yaani vitoto vinavyoelea majini, wakakua vizuri, wiki mbili hivi wakatua kwenye vibao tukashangilia kweli, mtu mmoja alinunua soda kreti zima. Wiki ya tatu vifaranga wanapungua. Wiki ya nne hamna kitu, matangi meupe. Tukarudia, ikawa vile vile. Tukabadilisha chakula, tukabadilisha pampu ya hewa, tukamlaumu mlinzi wa usiku kwamba anazima umeme ili achaji simu (masikini hakuwa na kosa, na mpaka leo nikimwona naona aibu). Msimu mzima na nusu ukapotea hivyo. Halafu nikaenda mkutano, siyo kwamba nilijifunza kitu ukumbini, hapana, ni wakati wa chai, nimeshika kitumbua, jamaa mmoja wa kituo kingine ananiambia mbona hao ni kopepodi tu, vile vidudu vya maji vidogo kama chawa, vinaingia na maji ya bahari vinazaana tangini vinamaliza chakula cha vifaranga na kuwasumbua, sisi tulichuja maji kwa kichujio chembamba zaidi na tukawa tunahamisha vifaranga kwenda tangi safi mapema, ikaisha. Nikamuuliza umeandika wapi? Akacheka. Ameandika kwenye ripoti ya mfadhili, kiambatisho cha sita.

Sasa niambie, ni jarida gani kubwa lingechapa habari ya "vifaranga wetu walikufa, tukadhani chakula, kumbe kopepodi"? Hakuna. Wangetaka matangi ya kulinganisha, idadi, takwimu, sababu kuthibitishwa, na haki yao, ndo kazi yao. Lakini kwetu sisi aya moja tu ya mistari sita ingeokoa msimu na nusu. Kijarida kipo kwa ajili ya hiyo aya.

Na wala hamjabuni kitu kipya. Watu wa jenetiki ya mahindi, yaani wanaochunguza jinsi tabia za mahindi zinavyorithiwa, kule Marekani walianza hivi hivi. Mwaka 1929 Rollins Emerson wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwatumia wenzake barua iliyodurufiwa, ndani yake amekusanya data za jeni za mahindi ambazo nyingi hazijachapishwa popote, nani amepata nini na jeni ipi iko karibu na ipi. Ile barua ndo ikakua ikawa kijarida cha ushirikiano wao, kikaishi miaka mingi sana. Kundi lile lile la Cornell ndo alikuwemo Barbara McClintock, huyo aliyekuja kupata Nobel mwaka 1983. Wa nzi wa matunda wakafuata mwaka 1934, Calvin Bridges na Milislav Demerec wakaanzisha cha kwao, na kitu kikubwa kilichojaa mle ni orodha tu: maabara fulani wanafuga nzi wa aina hizi, wengine wana hizi, ukitaka andika barua utatumiwa, pamoja na maelekezo ya kupika uji wa kulishia nzi. Ndiyo, uji! Wanasayansi wakubwa wanapeana mapishi. Mtu wa nje akikisoma anaona upuuzi, mtu wa ndani anaona amepunguziwa mwaka mzima wa kuhangaika.

Halafu wa minyoo. Hii ndo naipenda zaidi kwa sababu inafanana na nyie. Mwanabiolojia Sydney Brenner alikuwa amechagua kamnyoo kadogo ka milimita moja, C. elegans, wachache tu ndo wanakashughulikia, na Desemba 1975 Bob Edgar wa Santa Cruz, California akaanzisha kijarida chao. Kila mtu anaandika ukurasa mmoja hivi, sijui nimepata hiki, nimejaribu kile kimegoma, nani ana mnyoo wa aina fulani. Ndani kuna sharti: yaliyomo humu yachukuliwe kama mazungumzo binafsi, hairuhusiwi kuyanukuu bila idhini ya aliyeandika. Na wale wa mahindi walikuwa na sharti kama hilo hilo. Shika hapo kwenye sharti, nitarudi, kwa sababu ndo jibu la hofu ya bosi wako.

Ila usiende mbali, nyie wa jongoo mna cha kwenu tayari. Jumuiya ya nchi za Pasifiki yenye makao Noumea, Kaledonia Mpya, ilianza kutoa kijarida cha jongoo bahari Januari 1990, Kiingereza na Kifaransa, bure, na mhariri wake kwa miaka mingi alikuwa Chantal Conand, mama mmoja mtaalamu hasa wa hawa wadudu wetu. Mi nilikiona mara ya kwanza kikiwa fotokopi ya fotokopi, picha zote zimekuwa madoa meusi, kimeingia Tanga kwa posta mtu kampa mtu kampa mtu. Ndani yake kulikuwa na kitu nilichokishangaa: wanaomba wasomaji walioona jongoo akitoa mayai au mbegu baharini, siyo tangini, baharini kwenyewe, waandike. Spishi gani, tarehe, saa, mwezi ukoje, maji yakoje. Basi.

Wewe umeshaona jongoo akitoa mbegu? Anainua kichwa anasimama kama swila, anayumba taratibu, moshi mweupe unamtoka. Mtu akikutana na hicho mara moja maishani ana bahati. Sasa huyo mtu, mara nyingi ni mzamiaji tu au mvuvi, afanye nini na hicho alichokiona? Makala haiwi. Tukio moja siyo sayansi, wataalamu watakwambia hivyo na ni kweli. Lakini ukikusanya la huyu wa Fiji, la yule wa Reunion, la mwingine wa Ufilipino, miaka inaenda yanarundikana, unaanza kuona mwezi mpevu unajirudia, mwezi mwandamo unajirudia, miezi ya joto inajirudia. Kila moja peke yake ni porojo, zote pamoja ni data. Bila kijarida hayo yote yangekufa na walioyaona.

Kwetu Tanga tuna mfano mwingine, japo siyo wa kijarida hasa. Silikanti. Dunia iliamini yule samaki ameisha zamani za dinosaria, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, dada wa makumbusho kule East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye mzigo wa meli ya uvuvi, na kitu alichofanya hakuandika makala, aliandika barua na kuchora picha kwa mkono akamtumia mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith. Ule mchoro siyo mzuri, niseme ukweli, lakini ulitosha Smith amtambue. Huku kwetu kuanzia mwaka 2004 nyavu za jarife za wavuvi wa Tanga zikaanza kutoa silikanti mmoja baada ya mwingine mpaka mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Na dunia nzima ipo orodha moja ya silikanti waliopatikana, kila mmoja na namba yake, alivuliwa wapi, lini, urefu gani. Hiyo orodha haikujengwa na mtu mmoja mwenye akili nyingi, imejengwa na watu wengi waliokubali kuandika mistari miwili mitatu kila mmoja. Mvuvi anayekumbuka ilikuwa kusi au kaskazi, bamvua au maji mafu, kina cha pima ngapi, huyo ana kitu ambacho profesa hana. Kijarida chenu kikiandikwa kwa Kiswahili huyo mvuvi na huyo mfugaji wa jongoo wataweza kuandika humo. Jarida kubwa hawatakaa waingie.

Haya, WhatsApp.

Mi nipo kwenye magrupu mengi tu ya namna hiyo, nayapenda. Mtu akikwama saa nane usiku anapata jibu saa nane na dakika tano, kijarida hakiwezi hilo kamwe. Lakini unajua ule usemi wetu, Tanga waja leo waondoka leo? Sisi tunautania tu, manake wengi waliokuja hawakuondoka, ila meseji za WhatsApp ndo waja leo waondoka leo kwelikweli. Nenda sasa hivi kwenye hilo grupu lenu utafute yule aliyeeleza mwaka juzi jinsi alivyoshtua jongoo kwa maji ya uvuguvugu wakatoa mayai, alipandisha nyuzi joto ngapi, kwa muda gani. Utapita salamu za Idi, misiba, mchango wa harusi, video ya mtu kaanguka na bodaboda, na ukiipata utakuta ni sauti ya dakika nne upepo unavuma. Na kama ulibadilisha simu bila kuhifadhi meseji imekwisha habari yake. Halafu mgeni, kijana anayeajiriwa mwakani, yeye ataingia grupu akiwa mtupu, mengi ya nyuma hayaoni, kwa hiyo atauliza swali lile lile, mtachoka kumjibu, atanyamaza. Kijarida kina namba, kina tarehe, kinakaa kwenye faili, unampa kijana matoleo kumi unamwambia soma hivi wiki mbili halafu uje tuongee.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaifikirii, mtu akijua anaandika kitakachobaki anaandika tofauti. Anarudi kwenye daftari kuangalia kipimo. Kwenye simu tunasema "kama lita mia mia mbili hivi". Kwenye karatasi mtu anaona haya.

Kwa hiyo msivunje grupu, lifanyeni liwe shamba na kijarida kiwe ghala. Mhariri kila miezi mitatu anapita kwenye grupu anaokota vilivyoiva, anamfuata mwenyewe anamwambia niandikie hiki mistari kumi.

Sasa wizi. Bosi wako hajaota, wizi wa data upo na mi mwenyewe umenikuta, siendi mbali zaidi ya hapo. Lakini hebu fikiria, mwizi anakuiba wapi kirahisi zaidi, kwenye maongezi ya chai ambayo hayana shahidi, au kwenye kijarida kilichotoka Machi chenye jina lako na watu 40 wamekisoma? Tarehe ndo kinga yako. Jamii ndogo ina mdomo mkali kuliko mahakama, mtu akichukua cha mwenzake kilichoandikwa hadharani mbele ya wote atazungumza na nani tena? Ndo maana lile sharti la wa minyoo lilifanya kazi, hawakuwa na polisi, walikuwa wanajuana. Liandikeni ukurasa wa kwanza kabisa kila toleo, kwa maneno makavu: yaliyomo humu ni mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe, ukitaka kuyanukuu mwombe aliyeandika. Pia wekeni akilini kwamba sharti hilo linafanya kazi mkiwa wachache. Mkifika watu mia tano hamjuani sura, litaanza kulegea.

Na siyo kila kitu uweke humo. Matokeo makubwa unayotarajia kuyachapa, yaache. Majarida mengine bado hayataki kitu ambacho kimeshatoka kamili mahali pengine. Kuna historia yake, kule Marekani mwaka 1961 taasisi yao ya taifa ya afya ilianzisha makundi ya kutumiana makala kabla hazijachapwa, watu walifurahia sana, lakini majarida yakaja juu yakasema makala ikishazungushwa huko hatuipokei, mwaka 1967 makundi hayo yakafungwa. Leo mambo yamelegea, kuna hifadhi ya mtandaoni iitwayo bioRxiv tangu mwaka 2013 watu wanaweka makala nzima kabla ya kupitiwa na majarida mengi hayana neno, ila mistari sita ya kopepodi ni kitu kimoja na makala yako yenye majedwali yote ni kitu kingine. Soma masharti ya jarida unalolilenga kwanza.

Kitu cha pili marufuku kabisa: msitoe jina jipya la kisayansi humo. Najua wapo wanaodhani wamepata spishi mpya ya jongoo kule Mafia au wapi, mate yanawatoka. Andikeni "aina ya Holothuria isiyojulikana, ngozi hivi, mahali fulani" muishie hapo. Majina ya wanyama yana sheria zake za kimataifa jinsi yanavyotangazwa, na jina likichomoka kwenye kijarida bila maelezo yanayotakiwa linakuwa jina tupu, linakuja kuwasumbua wataalamu wa uainishaji miaka hamsini mbele na watawataja kwa ubaya.

Promosheni sina la kukufariji. Haihesabiwi, msidanganyane. Ila mi nimekaa kwenye vikao vya kuajiri watu na nakwambia kinachotokea kabla ya kikao, mtu anauliza pembeni, huyu binti unamjua? Na jibu likiwa "aaah si yule anayeandikaga habari za matangi", umeshafika nusu ya njia. Kwa fundi kama wewe ni zaidi, maana kwenye makala kubwa jina la fundi linawekwa mwisho kwenye shukrani, kama likiwekwa. Kwenye kijarida fundi anaandika kwa jina lake, na kwenye kazi kama hii yenu siri nyingi ziko mikononi mwa mafundi siyo kwa wenye digrii, nisamehewe na wenzangu.

Kuhusu kukiendesha sitaki kukujazia maelekezo. Kinachoua vijarida hivi nimekiona zaidi ya mara moja na karibu kila mara ni kile kile, kamati. Watu saba, kila mmoja anasubiri mwenzake, toleo la kwanza zuri lina rangi na nembo na salamu za mkurugenzi ukurasa mzima, la pili linachelewa mwaka, la tatu hamna. Mnataka mtu mmoja mkaidi. Mmoja tu, anayeweza kukupigia simu mara nne kwa ajili ya aya moja na asione aibu. Atoe na kilichopo, kurasa nne zikikosekana atoe mbili, ila atoe mwezi ule ule. Salamu za mkurugenzi aziweke mwisho au asiziweke. Picha za watu wamesimama mbele ya bango, hapana jamani. Halafu awe na kona ya yaliyogoma, na kwa toleo la kwanza aanze na la kwake mwenyewe au la mtu mzima anayeheshimika, manake vijana hawatakiri kufeli kama wakubwa hawajakiri. Wadurufu hata nakala kumi tu za karatasi, moja ipelekwe Maktaba ya Taifa Dar, nyingine zibaki kwenye maktaba za vyuo, pale Mbegani kwa mfano ni karibu na nyie, kwa sababu PDF nazo hupotea, mi nina CD za mwaka 2001 hapa nyumbani hakuna mashine ya kuzisoma.

Na huyo mkaidi, kwa jinsi ulivyoandika swali lako hadi kuhesabu watu, naona ni wewe.

Toleo la kwanza likiwa tayari niachie nusu ukurasa kwenye hiyo kona ya yaliyogoma. Nitaandika habari ya matangi yangu, na ya yule mlinzi.